Ukuta wa kupigia tenisi au uwanja wa pili?

Kwa bustani ya umma hapa Mwanza yenye uwanja mmoja tayari, mimi naanza kwa kuangalia mawe yaliyopo ardhini. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Ukiongeza nafasi ya kukimbilia, unahitaji takribani mita 36 kwa 18 za ardhi tambarare. Kwenye mteremko wa jiji hili, hiyo ni kazi ya kupasua miamba kabla hata ya kumwaga zege.

Ukuta wa mita 3 kwenda juu na 8 kwa upana unatosha, ukiwa na sakafu ya zege mbele yake na mstari uliochorwa sentimita 91 kutoka chini, kimo cha wavu pale katikati. Mtoto mwenye raketi ya kuazima anaupiga mpira ukutani nao unamrudia, hivyo anacheza peke yake, bila kusubiri mwenzake.

Mechi, bila shaka, ni uwanjani tu. Ukuta una kero yake pia: kelele. Pu, pu, pu tangu alfajiri. Usijengwe karibu na nyumba za watu. Na uelekee kaskazini au kusini, jua la jioni lisimpige mchezaji usoni.

Fedha zikiwa za kuchangishana, nachagua ukuta.