Kuapishwa kwa rais Kasarani: uzoefu wangu kutoka viti vya mwananchi

Kiingilio ni bure. Hakuna tiketi, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala ulimpigia nani kura, isipokuwa ukitaka kuketi upande wa waheshimiwa, na huko huingii bila kadi ya mwaliko. Sisi wengine tunalipa kwa usingizi, kwa miguu na kwa koo. Nilikuwa uwanjani Kasarani, Nairobi, siku William Ruto alipoapishwa kuwa rais wa Kenya, tarehe 13 Septemba 2022, na hadi leo watu huniuliza kama inafaa kwenda mwenyewe au ni heri kutulia nyumbani mbele ya runinga. Kwa upande wa kuona, runinga inashinda, wala si kwa pointi chache. Bado ningeenda tena, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tarehe, maana wengi hudhani serikali huamka tu ikachagua siku. Kifungu cha 141 cha Katiba ndicho kinachopanga. Kama hakuna kesi mahakamani, rais mteule huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku 14 tangu atangazwe mshindi. Kesi ikiwapo na Mahakama ya Juu ikaidhinisha ushindi, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku 7 tangu uamuzi. Mwaka ule uamuzi ulitolewa Jumatatu tarehe 5 Septemba, kwa hiyo Jumanne ya kesho yake ilikuwa mapema mno, ikawa tarehe 13. Siku hiyo huwa mapumziko ya kitaifa, na sheria inataka kiapo kiapwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Sasa ukiambiwa milango itafunguliwa saa kumi alfajiri, piga hesabu mwenyewe utakaa juu ya zege kwa muda gani kabla hujasikia "naapa".

Aliyenitoa kitandani ni shangazi yangu. Alikuwa ameteremka kutoka Turbo kwa basi la usiku pamoja na majirani zake, macho mekundu, leso ya njano kiunoni. Nilipomdokezea kwamba tunaweza kutazama tukiwa kwangu Githurai, alinijibu, "Mimi sikupiga foleni na baridi ile ya kupiga kura nije Nairobi kumtazama kwa TV. Vaa viatu, mwanangu." Nikavaa viatu.

Barabara ya Thika saa tisa usiku ilikuwa na watu kama mchana. Tulishukia Roysambu, kwa sababu mbele ya hapo magari ya kawaida yalikuwa hayasongi, tukajiunga na wanaotembea. Raha ya siku nzima kwangu ilianzia hapo, kwenye lami, kabla ya uwanja kuonekana. Njano na kijani kila mahali, mavuvuzela, watu wa Kericho wanaimba zao, watu wa Murang'a zao, na wakikutana kwenye wimbo wa kanisa wanaojua wote, wanaimba pamoja. Jamaa mmoja alikuwa anasukuma wilbaro halisi, ile alama ya chama cha Ruto, tairi linalia kwii kwii kwa kukosa grisi, ndani amemkalisha mwanawe juu ya gunia, mtoto amelala fofofo na bendera mkononi. Wachuuzi hawakulaza damu. Chai ya themosi ilipanda bei kila hatua tuliyokaribia uwanja, na mayai ya kuchemsha yenye kachumbari yaliisha kabla hakujapambazuka. Kula huku nje. Ndani usitegemee kitu.

Halafu lango. Hapa natoa alama za chini kabisa, na sina huruma. Uwanja wa Moi pale Kasarani ulikuwa unabeba watu 60,000, na tuliokuja tulikuwa zaidi ya hao. Hilo lilijulikana mapema. Lakini hapakuwa na foleni yoyote ya maana mahali tulipoingilia: umati mzima ulibanwa kuelekea uwazi mmoja mwembamba, walio nyuma wanasukuma kwa sababu hawaoni mbele, walio mbele wanapiga kelele kwamba wanakufa. Mama mmoja kando yangu alikuwa ameinua mkoba wake juu ya kichwa kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu hakuweza kuishusha mikono hiyo kwa kukosa nafasi. Nilisikia sauti ya mwanamume, "Msisukume, kuna mtoto hapa! Jameni, kuna mtoto!" Shangazi alinishika mkono kwa nguvu za kukamua ng'ombe, hakuniachia mpaka tulipotokea upande wa pili, yeye akiwa na kiatu kimoja. Kiatu cha pili kilipatikana. Chupa zetu za maji hazikupatikana, kwa sababu zilichukuliwa kwenye ukaguzi na kurundikwa kama mlima pamoja na za watu wengine wote.

Sisi tulikuwa na bahati. Uwanja ulijaa mnamo saa kumi na moja alfajiri, polisi wakaanza kuwaambia watu warudi nyumbani, na katika msukumano uliofuata makumi ya watu waliumia, wengine wakapelekwa hospitali. Tulizijua habari hizo kwa simu tukiwa tumeketi ndani, na sitasema kwamba furaha iliendelea kama kawaida. Hata skrini zilizowekwa nje kwa waliokosa nafasi hazimsaidii mtu aliyekwisha kanyagwa. Anayeandaa shughuli ya bure ajue kwamba bure huleta watu.

Ndani, subira. Bendi za jeshi, kwaya, waimbaji wa injili, ngoma za kiasili, maombi, kisha tena bendi. Asubuhi ya Septemba ina baridi yake, na zege la Kasarani huihifadhi vizuri. Kilichotupitishia saa hizo ni mzee wa Nyeri aliyeketi safu ya nyuma yetu, kofia ya sufu, fimbo katikati ya magoti. Alikuwepo Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, Kibaki alipoapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani.

"Huko ndiko kulikuwa na watu," alituambia. "Hadi juu ya miti. Na Moi alirushiwa matope, mimi nikaona kwa macho yangu. Haikunifurahisha."

"Na ile ya pili ya Kibaki, mzee?" nikamuuliza.

"Ile ya 2007? Nani alialikwa? Walifanyia Ikulu, giza likiingia. Tuliona kwa televisheni kama msiba wa mtu mwingine."

Sikuhitaji kuongezewa. Kenya nzima inakumbuka ghasia zilizofuata baada ya jioni ile. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoamuru kwamba rais aape hadharani mbele ya Jaji Mkuu, na kwa maana hiyo mwananchi aliyekaa kwenye zege si mapambo. Ni sehemu ya masharti. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusema ningeenda tena, hata kama kura yangu ni siri yangu na shangazi hajafanikiwa kuitoa kinywani mwangu.

Kiapo chenyewe? Kutoka tulipokaa, rais mteule alikuwa na ukubwa wa njiti ya kiberiti. Nilijua anaapa kwa sababu skrini ilisema hivyo. Aliyemwapisha ni Msajili Mkuu wa Mahakama wa wakati huo, Anne Amadi, na Jaji Mkuu Martha Koome amesimama hapo. Wengi waliokaa karibu nami walidhani ni Koome mwenyewe anayeapisha, wakabishana hadi mwisho. Mwangwi wa vipaza sauti ulikuwa unafanya kila sentensi ifike mara mbili na isieleweke hata mara moja. Kijana wa mbele yetu akatoa kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, akawasha redio, na safu nzima ikainama kumsikiliza mtangazaji akitueleza kinachofanyika mbele ya macho yetu.

Ila kuna mambo mawili ambayo runinga haikupi. La kwanza ni mizinga 21. Unaisikia kifuani kabla ya masikioni, na watoto wote uwanjani wakaanza kulia kwa pamoja. La pili ni Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa anaondoka, akimkabidhi Ruto upanga na Katiba. Wale wawili walikuwa hawapatani kwa miaka, Uhuru alikuwa amemuunga mkono waziwazi Raila Odinga, mpinzani mkuu wa Ruto, na Raila mwenyewe hakufika siku hiyo. Kwa hiyo watu walikuwa wanangoja ule mkono tu. Mikono ilipokutana, kelele iliyotoka pale haikuwa ya kumshangilia mmoja wao. Watu walikuwa wanacheka, wanapigana mabega, mzee wa Nyeri anagonga fimbo chini akisema "sawa sawa, sawa sawa." Nyumbani ungeona picha ya mikono na sauti ya mtangazaji juu yake.

Hotuba zilikuwa ndefu, na za wageni nitaziruka. Rigathi Gachagua, naibu wa Ruto wakati huo, alipochukua kipaza sauti aliirushia vijembe serikali iliyokuwa inaondoka, Uhuru akiwa ameketi pale pale. Jukwaa letu lilifurahi mno, mimi niliona haya kidogo. Ruto alipotangaza mbolea itashuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 kwa gunia la kilo 50, shangazi, ambaye hulima mahindi, aliruka juu kama hakuwa ametembea usiku kucha. Aliposema atawateua siku hiyo hiyo majaji sita waliokuwa wamekataliwa na mtangulizi wake, waliopiga makofi walikuwa wachache zaidi. Na maneno yake kwamba ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula mabilioni bila faida yalipita juu ya vichwa vyetu bila mtu kuguna. Jioni ya siku iliyofuata petroli Nairobi ilipandishwa kwa shilingi 20.18, ikafika 179.30 kwa lita. Shangazi alikuwa bado kwangu. Nauli ya kurudi ikawa mada.

Kutoka uwanjani ni lango lile lile kwa kinyumenyume, jua likiwa kali na hakuna aliyekunywa maji tangu alfajiri. Wageni waalikwa walielekea Ikulu kwa chakula. Sisi tulielekea Roysambu kwa miguu, matatu zikitoza zinavyotaka, makanga anaita "Githu mia, Githu mia, mama panda tuende" na mama hapandi kwa sababu ya bei. Sherehe halisi ilikuwa huko kando ya barabara, nyama choma na spika barazani, na iliendelea usiku kucha. Kwa anayependa karamu kuliko gwaride, hiyo pekee inatosha, na haihitaji kupitia langoni.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo nawaambia mapema wanaofikiria kwenda. Beba kitambulisho, jaketi na simu ndogo yenye redio. Kunywa maji ya kutosha kabla ya ukaguzi. Fika saa tisa usiku au usifike kabisa, kwa sababu wanaofika saa kumi na moja ndio wanaobanwa. Kama mmekuja kundi, kubalianeni mapema mtakutana wapi nje, maana mtandao wa simu hulemewa. Mtoto mdogo asiende, hata ndani ya wilbaro. Mzee anaweza kwenda, mradi awe na mtu wa kumshika mkono. Shangazi ameshaniagiza nimtafutie pa kulala Zimmerman wiki hiyo, yeyote atakayeshinda, ili safari hii atembee kidogo na aje na viatu vya kufunga kamba.