Vifungashio vya duka la nguo mtandaoni: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Nauza madera na magauni kwa njia ya mtandao kutoka Dar es Salaam. Wanaoanza biashara hii huniuliza nachukua wapi mzigo. Kuhusu mfuko huniuliza baadaye, pale ambapo wameshaagiza maboksi 300 yenye nembo na mtaji umeishia humo. Vifungashio vinatangaza duka, hilo nimeliona kwa macho yangu. Ila havitangazi sawasawa, na cha bei kubwa si lazima kitangaze zaidi.

Nimevipanga kwa kipimo kimoja: mteja akishatoa nguo, kitu hicho kitakaa kwake kwa muda gani, na nani mwingine atakiona?

1. Mfuko mbadala wenye nembo

Huu nauweka wa kwanza bila kusita. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na tangu hapo mfuko mbadala imara, ule unaofanana na kitambaa, hautupwi. Unaenda sokoni, unabeba sare za mtoto, unakunjwa ndani ya pochi kwa dharura. Siku moja pale Buguruni nilimwona mama nisiyemfahamu amebeba vitunguu kwenye mfuko wenye jina la duka langu. Tangazo hilo nilikuwa nimelilipia mara moja tu, miezi mingi nyuma.

Lakini ununue kwa makini. Kanuni zinataka mfuko huu usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, na sokoni myembamba kuliko hapo imejaa. Uinue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, uache. Mishikio iliyoshonwa hudumu kuliko iliyobandikwa kwa moto, kwa hiyo tia kilo mbili za mchele uutikise kabla hujalipa. Mfuko ukikatika barabarani na jina lako liko juu yake, aibu ni ya duka lako, mtengenezaji hatajwi.

Wino nao una mambo yake. Mchapaji mmoja aliwahi kunitolea mifuko 200 yenye nembo nyekundu iliyokoza, ikavutia kweli. Mvua ya kwanza, blauzi nyeupe ya mteja ikarudi na doa la waridi kifuani. Nikamrudishia hela yake yote, na mifuko iliyobaki sikuitumia tena. Siku hizi nadai sampuli moja, nailowesha na kuisugua kwa kitambaa cheupe, ndipo natoa kianzio. Chagua nembo ya rangi moja. Kila rangi hutengenezewa fremu yake ya kuchapia, na gharama hupanda kwa kila fremu. Saizi pia anza na moja: sentimita 30 kwa 40 inapokea dera lililokunjwa na mtandio wake bila shida.

Udhaifu wa mfuko huu ni maji, yanapenya. Msimu wa masika na vuli hakikisha dereva wako wa boda ana begi lisilopitisha maji.

2. Mfuko wa kaki, stika na muhuri

Ukiwa na oda tano au kumi kwa wiki, usianze na namba moja, anza hapa. Unanunua mifuko ya kaki isiyo na maandishi kwa jumla, halafu nembo unaiweka mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba ukibadilisha namba ya simu au jina la ukurasa wa Instagram, unapoteza stika chache tu na stoo inabaki salama.

Stika huuzwa kwa karatasi nzima, kwa hiyo jifunze kuhesabu. Karatasi ya A3 ina milimita 297 kwa 420. Duara la sentimita 5 linaingia mara tano kwa upana na mara nane kwa urefu, stika 40. Ukitaka la sentimita 7, zinaingia nne kwa sita, ni 24 tu. Sentimita mbili za kujionyesha zimekula stika 16! Mimi nabaki na 5, na inaziba mdomo wa mfuko vizuri.

Muhuri wa mpira unachongwa mara moja na unatumika kwa miaka. Gonga kwenye kaki kwa wino mweusi, uache ukauke kabla hujatia nguo. Ni kazi ya mkono na inaonekana hivyo, na wateja wengi hupenda hasa kwa sababu hiyo.

Kaki haipendi mvua, na kwa mzigo wa mikoani inachanika. Oda zinazopanda basi pale Mbezi hubanwa chini ya masanduku ya watu, hivyo weka kaki ndani, nje zungushia salfeti na uandike jina la mpokeaji kwa kalamu ya wino usiofutika, pande mbili.

3. Karatasi laini ya kufungia nguo

Nzuri kwa picha. Mteja akifungua anaipiga picha na kuiweka stetasi, kisha anaitupa. Inunue kama nguo yako ni ya sherehe, na uchague nyeupe isiyo na rangi ya kuchuja.

4. Boksi lenye nembo

Najua wengi wanalitamani. Linapendeza, na mtu akilipata kama zawadi anajiona amethaminiwa. Lakini linakula nafasi chumbani, linabonyea kwenye buti la basi, boda anaweza kubeba machache, na ukiagiza China mzigo wa meli hutozwa kwa ujazo. Nalipendekeza kwa nguo za harusi, abaya za bei ya juu na seti za zawadi. Kwa dera la kila siku, hapana.

Na nyongeza za bure?

Hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa, nami nina chaguo langu wazi: kifungo cha akiba na uzi wa rangi ileile ya nguo, umezungushwa kwenye kipande cha kadi. Gharama yake haifiki bei ya soda. Siku kifungo kikidondoka, mteja anafungua droo na kukutana na jina lako. Hakuna zawadi niliyowahi kutoa iliyoniletea ujumbe mwingi wa shukrani kama hiyo.

Inayofuata ni kibanio cha nywele cha kitenge. Mwombe fundi wako asitupe mabaki. Kipande cha sentimita 10 kwa 50 na lastiki ya sentimita 20 vinatosha kibanio kimoja. Kikifanana na gauni, kinavaliwa pamoja nalo.

Kadi ya shukrani peke yake hutupwa. Iandike maelekezo ya kufua na itabaki: "Mara ya kwanza ifue peke yake kwa maji baridi, ianike kivulini." Madera ya batiki huchuja, na tangu nianze kuweka kadi hiyo malalamiko ya rangi yamepungua sana kwangu. Nyuma yake weka namba ya WhatsApp.

Manukato ya mafuta usiweke. Kichupa kikivuja, doa halitoki, na wapo wateja wenye pumu. Punguzo la oda ijayo nalo ni la kuangaliwa: ukimpa kila mtu, bei yako halisi imeshuka na hutaweza kuipandisha.

Kabla hujanunua chochote, piga hesabu kwa oda moja. Tuseme gauni linakuachia faida ya 8,000. Mfuko, stika, karatasi laini, kadi, kifungo na uzi vyote kwa pamoja visizidi sehemu ya nane ya hiyo, yaani 1,000. Mimi siuvuki mstari huo hata mwezi mzuri. Ikizidi, ondoa karatasi laini kwanza. Kifungo kiache.

Na uagize mapema. Ikiingia Ramadhani kila mwenye duka anataka mifuko ya Idi, mchapaji anakuahidi Ijumaa na unaipata Jumatano ya wiki inayofuata. Mimi oda yangu naipeleka mwanzoni mwa Shaabani, mifuko 200, na sampuli naisugua palepale kaunta.