Bolti za injini ya boti: tazama meno kabla ya kutoa pesa

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu aliingia Wete, hapa Pemba, boti ikiburutwa kwa kamba, vibua vimeshalainika ndani ya deli, na chanzo ni bolti moja. Niliinunua mwenyewe, mpya inang'ara, ya kufungia kasha la pampu ya maji kwenye injini yetu ya Yamaha ya nguvu farasi 40. "Nane hiyo, mama, chukua," muuzaji aliniambia. Fundi akaizungusha kwa vidole, ikaingia mizunguko mitatu ikakaza. Akaisaidia kwa spana, na hapo ndipo thredi ya aluminiamu ilipokufa. Kufika baharini kasha likalegea, maji hayapandi, injini ikachemka.

Haikuwa ya milimita nane. Ilikuwa bolti ya inchi, 5/16. Unene wake ni milimita 7.9, jicho halioni tofauti. Kichwa chake ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo hata spana ya 13 inakikaa. Kinachoitenga ni meno, yaani ile mizunguko ya thredi: kwenye urefu wa milimita 25, bolti ya nane ya kawaida ina meno 20, hii ina 18.

Urefu na unene kila mtu anajua kupima, siandiki hayo. Nenda dukani na bolti ya zamani. Ilaze juu ya mpya, meno yaingiane, kisha ziinue zote mbili uelekee mlangoni penye jua. Mwanga ukipenya kati yake, irudishe. Bolti za kumi zitazame mara mbili, maana zote ni za milimita lakini kuna ambazo jino hadi jino ni milimita 1.5 na nyingine 1.25, na injini za Kijapani zinatumia sana hiyo 1.25.

Sasa, bolti ipi ununue? Ya kwanza kwangu ni ya Yamaha wenyewe, ndani ya pakiti yenye namba. Hapa sibishani na mtu. Namba yenyewe inasema: kwa mfano 97095-06020, hiyo 06 ni unene, 020 ni urefu, kwa milimita. Ziandike kwenye daftari la boti. Bei iko juu, lakini linganisha na deli zima la samaki walioharibika.

Ya pili ni bolti iliyotolewa kwenye Yamaha iliyokufa. Mafundi wengi wanazo, zimelala kwenye kopo la mafuta. Isugue kwa brashi ya waya, tazama shingoni kama kutu haijaila. Ikiwa nzima, naichukua kabla ya mpya nisiyoijua asili yake.

Ya tatu ni stenlesi yenye alama A4 kichwani, ile inayostahimili zaidi maji ya chumvi. A2 itatoa madoa ya kutu kwa maji ya chumvi. Beba kisumaku: bolti ikikirukia kwa nguvu, si A4, mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha tu. Na usiifunge kavu. Stenlesi na aluminiamu zikikutana na chumvi hung'ang'aniana, siku ya kufungua inakatika. Paka grisi ya baharini.

Zile zilizopakwa zinki, za kupimwa kwa kilo, fungieni milango ya mabanda.

Sasa maduka yetu. Kopo moja, inchi na milimita zimechanganywa, na ukiuliza meno unaambiwa, "Mama, mwite fundi aje." Fundi ndiye aliyenituma! Tena ukitaja boti bei inaruka. Nilitajiwa shilingi 1,000, nikaulizwa ni ya jenereta? Niliposema ya boti ikawa 2,500, na mkono wake bado umo ndani ya kopo lilelile. Hii si haki. Ukikataa, sisi wa Pemba tunasubiri mtu avuke kutoka Unguja atuletee, boti imelala mchangani siku tatu na wavuvi wanne hawana cha kupeleka nyumbani.

Ninachowaomba ni makopo mawili, moja limeandikwa inchi, jingine milimita. Kalamu ya wino mzito nitawaletea mimi.