Nematodi walifika wamekufa, nikaambiwa sijui kumwagilia

Sina ugomvi na nematodi, wale minyoo wadogo mno wanaoua mabuu ya visubi kwenye udongo wa vyungu. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayetuma viumbe hai kwenye bahasha tupu, bila hata kipande cha barafu, kisha ukilalamika anakujibu: "Umemwagilia vibaya, soma maelekezo."

Maelekezo yapi? Steinernema feltiae, aina ya nematodi niliyonunua, hukaa frijini, nyuzi 4 au 5 hivi, bila kugandishwa. Pakiti hii ilinifikia ina joto la kwapa. Kabla ya kumwaga tone, nilikoroga chembe ya unga wake katika kijiko cha maji ya kawaida juu ya kisahani cheusi, nikasubiri nusu saa, nikatazama kwa lenzi. Aliye hai hujinyonganyonga. Hawa walikuwa wamenyooka kama sindano, wote. Umwagiliaji gani ungewafufua?

Nilikuwa naandika msinunue kabisa hizi nematodi. Hapana, nafuta. Pakiti ya muuzaji mwingine ilifika baridi, na visubi wa kwenye vyungu walikwisha. Ila zina masharti. Lowesha udongo kwanza. Toa kichujio kwenye kopo la kumwagilia, matundu madogo huwazuia. Koroga kila baada ya chungu kimoja au viwili, maana wanazama chini, na chungu cha mwisho hupata maji matupu. Mwaga jioni, jua huwaua. Mchanganyiko usilale. Wiki mbili zinazofuata udongo usikauke, kwani wanaogelea kwenye unyevu kumfuata buu, wanamwingia na kumwachia bakteria wanaomuua ndani ya siku mbili hivi.

Visubi wanaoruka hawaguswi! Hao ni wa kadi za njano zenye gundi, na mayai na pupa (buu aliyejifunga ili ageuke kisubi) pia husalimika, ndiyo maana unarudia baada ya wiki mbili. Kupima, laza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, kifunue siku ya tatu, uhesabu mabuu: mwili kama kioo, kichwa cheusi kinachong'aa.

Usipopata muuzaji anayetuma kwa baridi, bora utumie Bti, dawa ya bakteria wanaoua mabuu. Haihitaji friji, unamwagilia kila wiki, ingawa buu lazima aimeze, na aliyekwisha acha kula anaponyoka.

Yule wa kwanza nilimtumia picha ya kisahani. Akajibu lenzi yangu ni chafu.