Meseji za kliniki kwa wagonjwa wa tansio: uzoefu wangu Lubumbashi

Nina tansio, yaani shinikizo la damu, na kazi yangu ni kutengeneza simu, kwa hiyo huduma hii naijua pande zote mbili, ya mgonjwa na ya fundi. Kliniki ninakotibiwa hapa Lubumbashi inawafuatilia wagonjwa wa tansio na wa sukari kwa meseji za kawaida, zile zinazoingia hata kwenye simu ya vitufe isiyo na mega, yaani intaneti. Watu wananiuliza kama inafaa kujiandikisha. Ninawajibu: jiandikishe, ila nusu ya meseji zake utazifuta bila kuzisoma.

Nusu hiyo ni ukumbusho wa kila asubuhi: "Usisahau kunywa dawa yako." Wiki za kwanza nilikuwa nauheshimu. Baadaye ukawa kama matangazo ya kampuni za simu, kidole kinafuta kabla jicho halijafika. Kwa wazee ni mbaya zaidi. Simu ndogo ina nafasi ya meseji chache tu; ikijaa, inayofuata haiingii, hata kama ndiyo inayosema kuwa tarehe ya kuonana na munganga (daktari) imesogezwa. Na kuna hatari nyingine ambayo sikuona mtu akiizungumzia. Umeme ukikatika mtaani na simu ikazimika, siku inapowaka meseji zote zilizokuwa zinasubiri zinaingia kwa mpigo. Mama mkwe wangu ni mgonjwa wa sukari, anakunywa glibenclamide. Akisoma "kunywa dawa yako" jioni wakati ya asubuhi ameshakunywa, akirudia, sukari inaanguka. Chini ya miligramu 70 kwa desilita mtu anaanza kutetemeka na kutoka jasho, na ikishuka zaidi anaweza kuzimia. Meseji ya ukumbusho isiyotaja hata siku yake ni afadhali isitumwe.

Si sisi tu tunaochoshwa nazo. Huko Kenya (nchi, si Kenya yetu, ile komini ya hapa mjini) watafiti waliwatumia meseji watu waliokuwa wameanza dawa za virusi vya UKIMWI, matokeo yakachapishwa 2011. Katika waliopata meseji mara moja kwa wiki, 53 kati ya 100 walikunywa angalau asilimia 90 ya dawa zao kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Kwa wasiotumiwa kitu walikuwa 40. Na waliotumiwa kila siku? Hawakuwapita wasiotumiwa kitu. Laiti waliotengeneza huduma yetu wangeanzia hapo.

Ninayoisifu ni meseji ya Jumatatu. Ni fupi: "Habari ya wiki? Jibu 1 kama uko muzuri, 2 kama kuna shida." Haitaji dawa, haitaji ugonjwa, haiamuru. Inauliza, na ukijibu 2 mtu anakupigia. Wazo lenyewe lilishajaribiwa zamani kidogo, Kenya hiyohiyo, kuanzia 2007, katika kliniki tatu na kwa wagonjwa 538 wa virusi vya UKIMWI. Karibu nusu yao walikuwa wanapata kila wiki meseji ya kuwajulia hali, "Mambo?", na wanajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida alipigiwa simu, na aliyenyamaza vilevile. Matokeo yalitoka 2010 katika jarida la The Lancet: upande wa "Mambo?" asilimia 62 walisema wanafuata dawa ipasavyo, upande mwingine 50, na virusi vilidhibitiwa kwa watu wengi zaidi. Tena fikiria usiri wake. Shemeji akishika simu yako akakuta "Mambo?", ameona nini? Salamu tu.

Mimi 2 yangu ilitokana na miguu. Amlodipine ilishusha tansio vizuri, lakini kila jioni vifundo vilikuwa vimejaa, soksi inaacha mfereji kwenye nyama, viatu havifungwi. Nilishaanza kuwaza kuviacha vidonge kimyakimya, kama wengi wanavyofanya, maana tansio yenyewe haiumi; kilichokuwa kinaniuma ni miguu. Jumatatu nikajibu 2, mchana muuguzi akapiga.

"Papa, shida ni gani?"

"Miguu, Mama. Inavimba."

"Yote mbili ao moja?"

"Yote mbili. Asubuhi inapunguka."

"Unapumua muzuri? Hata ukilala?"

"Napumua muzuri."

"Na vidonge, unaendelea navyo?"

"Naendelea, lakini nimevichoka."

"Usiache, Papa. Kesho asubuhi uje, munganga akuone."

Swali la mguu mmoja au yote miwili lilinionyesha kuwa nazungumza na mtu anayejua kazi. Mguu mmoja ukivimba peke yake inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Yote miwili, kwa mtu wa amlodipine, mara nyingi ni dawa yenyewe. Kesho yake munganga alinishusha kutoka miligramu 10 hadi 5 na kuniongezea dawa nyingine ya kusaidiana nayo. Hakuna "usisahau" ambayo ingefanya kazi hiyo, kwa sababu mimi sikuwa nimesahau kitu. Vivyo hivyo jirani yangu anayefanya biashara Likasi. Siku za safari alikuwa anairuka dawa yake ya kukojoza, kwa sababu basi ni kilomita kama 120 na hana uso wa kumsimamisha dereva kila mara. Naye alijibu 2. Mazungumzo yalikuwa mafupi: siku ya safari ainywe akishafika. Yakaisha.

Lakini tusiipake huduma hii mafuta kupita kiasi. Cape Town walijaribu meseji kwa wagonjwa wa tansio wapatao 1,372, matokeo yakachapishwa 2016. Baada ya mwaka mzima, namba ya juu ya tansio ilikuwa imeshuka milimita kama 2 tu zaidi ya wasiotumiwa meseji hizo, na kundi lililoweza kujibu halikulipita kundi la kusoma tu. Mimi nalichukua hilo kwa uzito, kwa sababu hapa kwetu nimeona sura yake. Muuguzi wetu alipokwenda likizo, majibu ya 2 yalikuwa yanapokelewa na mashine: "Asante kwa jibu lako." Hakuna simu iliyofuata. Watu wakaacha kujibu, na aliporudi ilibidi awapigie mmoja mmoja kuwarudisha. Programu wanaweza kuinunua popote. Mshahara wa mtu wa pili wa kupokea simu ndio hawajaupangia.

Ushauri wa chakula nao ulihitaji mtu wa hapa. Meseji za kwanza zilisema "punguza chumvi", na mke wangu akaniuliza apunguze ipi, maana kwenye bukari (ugali) hatutii chumvi. Chumvi yetu iko kwenye makayabu, wale samaki wa chumvi, na kwenye vile vikube vya supu vinavyovunjwa viwili viwili juu ya sombe, majani ya muhogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kipande cha makayabu kisicholowekwa vizuri kinaweza kuila sehemu kubwa ya hiyo peke yake. Siku hizi wanatuma: "Makayabu: loweka usiku, mwaga maji, rudia asubuhi. Kikube kimoja kwa sufuria." Hiyo mke wangu ameibandika jikoni.

Sasa ufundi kidogo, asiyependa aruke. Meseji moja inabeba herufi 160, lakini kwa alfabeti yake maalumu. Katika Kifaransa é, è na à zimo ndani; ô, ê na ç ndogo hazimo. Ukiweka ô moja tu, kama kwenye "contrôle" au "hôpital", meseji yote inahamia alfabeti nyingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ndiyo maana zile meseji zao za Kifaransa za kukumbusha tarehe zilikuwa zinakatwa vipande, kliniki inalipia kila kipande, na kwenye simu za zamani nimeona kipande cha pili kikitangulia: saa imefika, siku bado. Kiswahili hakina alama hizo. Chenye kuleta taabu ni kile kialama cha ng' tu, kikiandikwa kwenye kompyuta kikapindwa. Kilichonyooka hakina neno. Niliwaeleza pale mapokezi, wakanitazama kama nauza kitu, lakini meseji za tarehe sasa zinakuja kwa Kiswahili na zinafika nzima.

Kujibu ni bure. Zamani jibu lilikuwa linakula unite, yaani salio, kwa hiyo watu walikuwa wanabipu simu ya muuguzi na yeye anawapigia. Njia hiyo bado ipo kwa wasiojua kuandika, na ningependa isiondolewe.

Kinachonikera mpaka leo ni suala la nambari. Nambari uliyoandikisha ndiyo hiyo, na mji huu watu wana kadi za simu mbili tatu, wanaibiwa, wanabadilisha mtandao kufuata bei ya mega. Kadi iliyoachwa muda mrefu, kampuni inaiuza upya, na meseji zako zinaanza kumfikia mtu usiyemjua. Ya Jumatatu haina madhara, ila ile ya tarehe ya kliniki inataja jina. Wengine waliandikishwa kwa simu ya mjukuu, mjukuu akaenda kutafuta kazi Kolwezi na simu yake. Mama mkwe nilimkatia kadi yake mwenyewe ndipo nikamwandikisha.

Nimewaomba waweke njia ya kubadilisha nambari kwa kupiga simu: muuguzi aulize jina na tarehe ya mwisho uliyofika, yaishe. Wamesema wanaliangalia. Kwa sasa ukibadilisha kadi, pitia mapokezi na fishi yako (karatasi yako ya mgonjwa) kabla ya Jumatatu.