Nautical Almanac: kitabu cha nyota kwa nahodha wa Dar
Nakala yangu imeagizwa kutoka Uingereza, na bei yake inauma. Bado nasema nunueni.

Kitabu hiki, kinachokupa mahali pa jua, mwezi, sayari na nyota angani ili ujue chombo kiko wapi, kimeanza kutumika tangu toleo la mwaka 1767. Siku hizi kinaandaliwa kwa pamoja na ofisi za Uingereza na Marekani. Kila kurasa mbili zinazotazamana zinabeba siku tatu: kushoto sayari na nyota 57 za mabaharia, kulia jua na mwezi, saa baada ya saa. Namba zinafika sehemu ya kumi ya dakika ya digrii, yaani kama mita 185 baharini. Nani mwingine anakupa uhakika huo bila umeme wala bando?

Magharibi ikiingia, nikiwa na sekstanti (kifaa cha kupimia kimo cha nyota) ufukweni Kigamboni, natafuta nyota za Canopus na Acrux kwanza. Hizo ndizo zetu. Kurasa za Polaris, nyota ya kaskazini, usizihangaikie, nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho.

Kinachonikera ni jedwali la macheo na machweo: linaruka kutoka ikweta hadi digrii 10 kusini, na sisi tuko karibu digrii 6 na dakika 48, hivyo lazima upige hesabu ya katikati. Na saa za kurasa za jua, mwezi na sayari ni za Greenwich, Uingereza, toa saa tatu kwenye saa yako kabla hujazisoma.

Vijana wa boti mnaotegemea simu tu, wekeni kimoja chomboni. Kifungeni kwenye nailoni, maji ya chumvi hayana huruma na karatasi.