Lensi waliniwekea, kuzitoa wakaniachia mwenyewe

Nianze na yule kijana wa duka la miwani, maana nikianza na daktari hasira zitapoa na mtadhani nimelipwa kusifia.

Duka liko mjini, mitaa ya Posta, jina silitaji. Nilikwenda kwa sababu ya sendofu ya mdogo wangu. Miwani yangu ni minus 5.50, vioo vinene, na kwa joto la Dar poda ikishakaa usoni miwani inateremka mpaka ncha ya pua. Nikasema safari hii navaa lensi, zile za kuweka juu ya jicho lenyewe, nipige picha kama watu wengine.

Basi baada ya vipimo vyote nikapelekwa kwa kijana wa kufundisha kuvaa. Kanikalisha mbele ya kioo, kaniwekea lensi kwenye kidole, kasema, "Weka." Somo likaishia hapo. Nikauliza, kaka, nitajuaje kama haijageuka ndani nje? "Utaisikia ukishaweka." Kumbe ni jambo la kuonyesha kwa sekunde tano: ikikaa kama kibakuli iko sawa, midomo yake ikifunguka nje kama sahani imegeuka. Hilo nimekuja kujifunzia mbele ya safari. Pale lensi ilianguka, ikakunjika, ikanata kwenye kope, machozi yakanichuruzika hadi kidevuni. Mara ya sita au ya saba ikaingia.

Ikabaki kutoa. Akatazama kucha zangu, akapaza sauti watu wote wa kwenye benchi wasikie: "Mama, kwa kucha hizo unataka kutoa lensi au kutoa jicho?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Haya, kucha zilikuwa ndefu, nakubali. Lakini nilipopiga simu kuomba nafasi, dada wa mapokezi aliniambia nije na miwani na hela. Habari ya kucha hakunipa. Angenitajia ningekata.

Wakati huo wenzake wameanza kushusha shata. Kijana akaangalia simu yake, akanifungashia kikasha na chupa ya dawa ya kusafishia. "Nenda nazo tu, utazitoa nyumbani ukitulia." Jamani! Mtu hajawahi kutoa lensi hata mara moja maishani unamruhusu aondoke nazo machoni? Mwanafunzi wa udereva unamkabidhi gari kabla hajajua breki iko wapi?

Nikapanda mwendokasi ya Kimara, nimesimama, nafumba na kufumbua macho kama taa ya bajaji. Ingawa niseme ukweli: kuanzia Jangwani hadi Ubungo nilisoma kila bango. Majani ya mti niliyaona moja moja. Karibu nimsamehe.

Usiku ukafika. Mbele ya kioo cha chooni, saa nzima, lensi ya kushoto imetoka, ya kulia haitaki. Jicho limekuwa jekundu kama pilipili. Shangazi kasimama mlangoni ananiombea dua, anasema itazunguka nyuma ikapotelee kwenye ubongo. Haiwezi. Ngozi laini ya ndani ya kope inajikunja na kushikana na jicho, hakuna njia ya kupita. Nilijua kwa sababu daktari alinieleza. Shangazi akaja na kikombe cha maji ya simtanki, nimwagie. Hapo pia nikamkumbuka daktari: maji ya bomba, ya kisima, hata ya chupa, yasiguse lensi, kuna kijidudu cha majini kinachoweza kunasa kwenye lensi na kula kioo cha mbele cha jicho. Nikamwambia shangazi weka chini hicho kikombe.

Mwishowe nikazikata kucha mbili, gumba na ya shahada, kwa mkasi wa jikoni. Nikanawa, nikakausha mikono, nikatazama juu, nikaivuta lensi chini kwenye weupe wa jicho, nikaiminya. Ikatoka. Nikalia.

Sasa daktari. Mama wa makamo, mpole, "marahaba mwanangu" yake tu inakutuliza. Nilidhani nitasomeshwa herufi ukutani basi. Kumbe kipimo cha miwani ni kimoja na cha lensi ni kingine, na kinalipiwa kivyake. Kidevu kwenye chuma cha mashine ya kupimia, akapima mviringo wa jicho, maana lensi inakaa juu ya jicho lenyewe, ikibana ni shida, ikilegea ni shida. Akaweka tone la rangi ya machungwa, akawasha taa ya buluu kuona kama jicho ni kavu. Akaniuliza ofisini nakaa chini ya kiyoyozi? Nakaa. Namba yenyewe ikashuka, minus 5.25, kwa sababu kioo hakiko tena mbali na jicho. Lensi za majaribio akaniachia kama robo saa zitulie, ndipo akazikagua nikipepesa. Akasema nisilale nazo hata kama nimechoka vipi, na nirudi baada ya wiki.

Kwa huyo mama ningetoa nyota zote. Ila duka ni moja, na kazi yake yote ilikabidhiwa kwa mtu mwenye haraka ya kufunga. Mkienda, nendeni asubuhi, na msitoke mlangoni mpaka mmetoa na kuweka kwa mikono yenu hata mara tatu. Au msiende kabisa. Sijui, mimi nilirudi. Daktari akanikagua, akasema jicho lilichubuka kidogo na limepona, akanipa ruhusa ya kuendelea. Natoka tu, kijana yule: "Aa, mama kucha! Umezikata?"

Sendofu nilivaa lensi. Picha zimetoka vizuri, uso unaonekana wote, ila mikono nimeificha nyuma kwenye kila moja.